Leseni ya Mluzi

Mimi nina ugonjwa wa haraka, na kwa miaka kumi na tano nimeuona kuwa kipaji. Mteja akikaa mbele yangu, kabla hajamaliza sentensi ya pili nimeshajua kesi yake itaishia wapi, na mara nyingi huwa kweli. Kwa hiyo Yotham aliponiletea ile barua, mwezi wa tatu mwaka huu, niliisoma nimesimama, nikamrudishia na kumwambia asaini.

"Hata hujakaa, dada Anisa," alisema.

"Nikikaa nitakutoza zaidi."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala vizuri. Ofisi yangu iko juu ya duka la baba, muuza mabomba na matangi ya maji, na siku hiyo walikuwa wanashusha mzigo. Ilibidi tupandishe sauti.

Yotham ni Mgogo wa Zuzu, ana miaka thelathini na minne. Yeye na mkewe Ruthu wanaishi Nkuhungu katika vyumba viwili, na kimoja ndicho wanachokiita kampuni. Humo ndani, kwa miaka minne, walitengeneza mchezo wa simu unaoitwa Mluzi. Una kundi la ng'ombe, nchi imekauka, na kazi yako ni kuwafikisha kwenye maji. Kioo hukigusi. Unapiga mluzi, simu inasikia, na ng'ombe wanatii. Mluzi mrefu ni twende, wa kukatakata ni geukeni, wa chini mara mbili ni simameni. Yotham ndiye aliyeandika programu, Ruthu akachora kila pembe na kila mwiba, na miluzi yenyewe ilirekodiwa kutoka kwa baba yake Yotham, Mzee Obedi, ambaye amechunga maisha yake yote. Mimi niliujaribu nikapoteza kundi zima kwa dakika tano. Sina pumzi, na ng'ombe walinidharau.

Wachezaji walikuwepo, na zaidi ya nusu yao walikuwa Marekani, wakiupata kwenye duka la mtandaoni la huko. Na barua ilitoka hukohuko. Kampuni moja kubwa ya michezo ilikuwa na hataza, yaani hati ya serikali inayosema ubunifu fulani ni wako na hakuna mwingine wa kuutumia bila ruhusa yako mpaka muda wake uishe. Ubunifu wenyewe ulikuwa kuongoza kundi la wanyama ndani ya mchezo kwa miluzi inayosikiwa na kifaa. Kwa hapa Dodoma hati hiyo haikuwa na nguvu yoyote. Kwa Marekani ilikuwa nayo, na Kampuni ilishaliomba duka liutoe mchezo ndani ya siku thelathini.

Lakini walikuwa waungwana. Waliambatanisha mkataba wa maridhiano: saini hapa, tunakupa leseni, mchezo unabaki. Na leseni hiyo ilikuwa bure.

"Bure kabisa?" Yotham aliuliza.

"Hata senti. Kesi ya huko itakula vyumba vyako viwili, hii ofisi yangu, na matangi yote ya baba huko chini. Hawa wanakupa mlango, na mlango uko wazi. Pita."

Kilichotuchelewesha ni kifungu kimoja tu. Yeyote ambaye sauti yake imo ndani ya mchezo alitakiwa naye aridhie kwa sahihi. Sauti iliyomo ilikuwa ya Mzee Obedi. Nikamwambia Yotham amlete Jumanne, nikautafsiri mkataba kwa Kiswahili ili mzee asije akasema hakuelewa.

Alikuja amevaa koti la kanisani na kandambili za tairi. "Mbukwa," alinisalimia, nami nikamjibu kwa maneno yangu matatu ya Kigogo, akacheka mpaka akashika kiti.

"Shikamoo, mzee," nikarudi kwenye lugha yangu.

"Marahaba, mama wakili. Haya, nionyeshe pa kuweka jina, nina ng'ombe mgonjwa nyumbani."

Nikampenda papo hapo. Nikaanza kusoma kwa kasi, maana hata mimi nilikuwa na mteja mwingine saa tano. Nilipofika kifungu cha nne akainua mkono.

"Hapo. Rudia."

"'Mpewa leseni anakiri kwamba mbinu ya kuongoza wanyama kwa mluzi ni mali ya Kampuni, na kwamba anaitumia kwa ruhusa ya Kampuni, na kwamba hatapinga jambo hilo popote.'"

"Anakiri. Ni kukubali mwenyewe kwa mdomo wake?"

"Kwa sahihi, mzee. Ni maneno tu ya kisheria. Hawachukui kitu. Mchezo ni wa Yotham, na faida ni yake." Nikatafuta mfano wa kumrahisishia, na nikajiona mjanja nilipoupata. "Ni kama ninyi mnavyowekeana ng'ombe. Mwenzako anakuletea ng'ombe wake umtunze. Maziwa unakunywa wewe, samadi unatia shambani kwako, yeye anabaki na jina la umiliki tu. Unapungukiwa nini?"

Mzee Obedi aliweka kalamu mezani. Hakuitupa, aliiweka taratibu, kisha akamtazama mwanawe badala ya kunitazama mimi.

"Hili sijakwambia," alisema. "Mama yako aliniambia nisiwaambie watoto."

Yotham akasogeza kiti. Mimi nikatazama saa ya ukutani, na nasema hivyo kwa aibu.

"Mwaka ule wewe uko mgongoni," Mzee Obedi alianza. "Nilikuwa na ng'ombe jike mmoja mzuri, nimempata kwa Eliakimu, nimemfanyia kazi ya kuchimba kisima miezi miwili. Wajomba zako wakaja. Mahari ya mama yako ilikuwa haijaisha, wakamwona yule jike, macho yakawatoka. Mimi nikasema, huyu si wangu. Huyu ni wa Sila, amenipa nimtunzie. Sila alikuwa jirani, yuko palepale, nilikuwa nimemwambia mapema. Akatikisa kichwa, ndiyo, ni wangu. Wajomba wakaondoka. Tukacheka sana siku ile."

Alifuta mdomo kwa kiganja.

"Jike akazaa. Akazaa tena, na tena. Sila akafa. Wanawe wakaja wakasema, tumekuja kuchukua ng'ombe wa baba. Nikawaambia ilikuwa maneno tu. Wakawaleta wajomba zako wawe mashahidi. Wajomba wakasema ukweli: tulimsikia Obedi mwenyewe. Wale vijana hawakuwa wezi, wao waliambiwa hivyo na baba yao, au walisikia kwa watu, sijui. Wakaondoka na jike na watoto wake watatu. Jumla wanne."

"Na huyo Eliakimu?" Yotham aliuliza. "Yeye si alijua ng'ombe alitoka kwake kwenda kwako?"

"Alijua. Alipewa mbuzi ili anyamaze. Alipoulizwa akasema amesahau."

Chini kwenye duka mtu aliangusha bomba, likalia sakafuni kwa muda mrefu. Mzee Obedi akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mimi sijui mambo ya simu. Yotham akisema nisaini, nitasaini, mchezo ni wake. Lakini maneno yale nimeshawahi kuyasema mara moja."

Ningependa kuandika kwamba nilielewa palepale. Sikuelewa. Nilikasirika. Nilikuwa nimetoa mfano mzuri ukanigeuka mdomoni, tena mbele ya mteja. Niliwaambia warudi Ijumaa, nikamwahirisha yule wa saa tano, nikajifungia na kompyuta kwa lengo moja tu: kumthibitishia mzee kwamba Marekani si Zuzu.

Ilinichukua mchana mzima. Kumbukumbu za mahakama za kule ziko wazi kwa anayejua pa kutafuta. Kampuni ilikuwa imeshtaki kampuni nyingine kubwa kuliko yenyewe, ikidai mabilioni kwa sababu ya hataza ileile. Mshtakiwa alisema hataza ni batili, kwamba kuongoza wanyama kwa mluzi si ubunifu wa mtu. Na Kampuni ilijibu, aya ya hamsini na mbili: watengenezaji wa michezo thelathini na wanane, kutoka mataifa kumi na moja, wamekubali leseni na kukiri kwa hiari yao kwamba mbinu hii ni mali yetu. Ingekuwa batili, wangekiri wote hao?

Majina yaliorodheshwa. Wote walikuwa watu wadogo. Watu wa vyumba viwili, kama Yotham, walioandikiwa barua za upole na kupewa bure.

Masikio yaliniwaka moto. Hawakutaka hela ya Yotham, walimtaka awe shahidi wa thelathini na tisa. Rahisi ghali, bibi yangu alikuwa akisema hivyo kila tukirudi sokoni, na mimi mwenye shahada mbili ukutani nilikuwa nimeisahau nilipoona neno bure. Mzee wa watu alikuwa ameniambia kesi nzima, na mimi nilikuwa natazama saa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Nkuhungu mwenyewe. Ruthu alinifungulia, mikono ina rangi, akaniwekea chai na karanga, akakaa kusikiliza. Ruthu ni mtu wa maneno machache ambayo hayana kona.

"Kwa hiyo jana ulikuwa unatuuza," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo. Nisameheni."

"Kunywa chai, inapoa."

Nikawaambia jambo moja linaweza kutusaidia. Kitu ambacho umma ulishakiona hakiwezi kuja kubuniwa baadaye. Kampuni ilipeleka maombi ya hataza mwaka 2016. Je, kuna mtu yeyote aliyeuona mluzi ukiongoza wanyama kwenye kompyuta kabla ya hapo?

Yotham alinitazama kama nimemuuliza kama anajua jina lake. "Nane Nane," alisema. "Nzuguni, 2012. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho chuoni. Tulikuwa na banda."

Ruthu alishainuka. Alirudi na cheti cha kushiriki maonyesho, tarehe na muhuri, kimekunjwa mara nne. Video ya siku ile ilikuwa kwa Restuta, aliyesoma na Yotham, na mpaka saa sita ilikuwa imeshaingia kwenye simu. Nimeona video nyingi nzuri maishani mwangu, hakuna iliyonifurahisha kama ile mbovu. Yotham kijana mwembamba, bango nyuma yake lina mwaka kwa tarakimu kubwa, kompyuta ya mezani, kipaza sauti cha karaoke. Kwenye kioo kuna nukta za kahawia, ndio ng'ombe hao. Mama mmoja wa makamo mwenye kapu la mbegu anaambiwa ajaribu. Anacheka, anakataa, kisha anaweka kapu chini na kupiga mluzi mmoja mkali, na nukta zote zinaingia zizini. Watu wanashangilia kana kwamba wamefunga goli.

Niliiandikia Kampuni: mteja wangu hasaini, na sababu ni hizi, ona viambatanisho. Hawakujibu. Siku ya thelathini ilifika, duka likautoa mchezo. Yotham alinitumia ujumbe wa neno moja, "Umetolewa." Ndani ya wiki mbili walibaki na wachezaji wa hapa nyumbani na wa Kenya. Yeye akapata kibarua cha mkataba huko Mtumba, kwenye ofisi za serikali, kutengeneza mifumo ya wizara moja, akawa anaondoka asubuhi na kurudi amechoka. Ruthu akarudi kuchora kadi za harusi. Sikulala vizuri siku zile. Ni rahisi kuwa jasiri kwa mali ya mteja.

Mwezi wa sita Kampuni ikaandika tena, na safari hii niliisoma nimekaa. Walikuwa wameuangalia upya msimamo wao. Mchezo utarudishwa. Hakuna leseni, hakuna kukiri chochote. Zaidi ya hapo, kwa ajili ya usumbufu, kuna kifuta jasho, na kilitajwa kwa dola. Walitaka jambo moja tu. Cheti, video, nakala ya Restuta, na kila kumbukumbu ya lile banda viwekwe siri, visipewe mtu yeyote, milele.

Niliwaita wote wawili ofisini nikawaeleza bila haraka. "Hii si kama ile ya kwanza. Hapa husemi uongo wowote. Mluzi unabaki wenu. Hela inatosha kiwanja na nyumba, na ya kupaka rangi inabaki."

"Na wao watafanya nini?" Yotham aliuliza.

"Wataendelea kuandika barua. Kwa watu wengine."

"Na hao wengine hawatajua."

"Ninyi ndio pekee mnaoweza kuwaambia. Ndiyo maana wanalipa."

Yotham alimgeukia mkewe. Ruthu hakumkwepa. "Mimi nataka nyumba," alisema. "Nimechoka kuchora nimekaa kitandani. Huo ndio ukweli wangu, sitaupamba. Lakini uamue mwenyewe, usije ukasema uzeeni kwamba Ruthu ndiye aliyekuziba mdomo."

Yotham aliivuta barua akaisoma upya tangu mwanzo, na mimi, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, sikumharakisha mteja.

"Nimemuuliza baba tena habari ya wale ng'ombe," alisema hatimaye. "Sila hamlaumu. Watoto wa Sila, anasalimiana nao. Hata wajomba. Mtu ambaye mpaka leo wakikutana njiani baba anageuza uso asimtazame ni Eliakimu."

"Yotham, hiyo ni nyumba," nilisema.

"Najua."

"Wale wa kwenye barua huwajui. Hawakujui. Hata asante hutapata."

Wakili anayemwona mteja akikataa hela bila kumpigia kelele ni wakili mbovu, kwa hiyo nilipiga kelele. Nilimwambia yeye si Msalaba Mwekundu. Nilimwambia ana mke. Nilimwambia kwamba ujasiri haulipi umeme. Alisikiliza yote kwa adabu, akaniuliza kama nimemaliza, kisha akasema anataka video iwekwe wazi mtandaoni, pamoja na cheti, na maelezo yangu ya kisheria kwa lugha nyepesi, ili yeyote aliyeandikiwa barua aichukue bila kuomba.

Ruthu alifumba macho kidogo. Kisha akasema, "Basi Restuta atume ile kubwa, ile ya kwenye simu haionyeshi mwaka vizuri."

Tuliiweka Alhamisi. Nikaandika kurasa mbili, Kiswahili na Kiingereza, na nakala nikaipeleka kwa mawakili wa yule mshtakiwa mkubwa na kwa ofisi ya hataza ya huko. Ijumaa Kampuni ikafuta ahadi yake kwa mistari miwili isiyo na salamu. Ofisi ya hataza ilijibu kwamba imepokea, basi. Kesi ya wakubwa bado inasikilizwa, na huenda siku moja wakapatana wao kwa wao faraghani, wakanywa kahawa, na hataza ikabaki palepale. Wakubwa ndivyo walivyo. Mpaka leo ninapoandika, mchezo wa Mluzi haupatikani Marekani.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilipitia kwao kuchukua kadi za harusi ya binamu yangu. Yotham alikuwa anaosha vyombo, Ruthu amekaa kitandani na ubao wake wa kuchorea, Mzee Obedi amekuja na chupa ya maziwa. Simu ya Yotham ikalia. Mikono yake ilikuwa na povu, kwa hiyo Ruthu ndiye aliyeichukua.

Ilikuwa barua pepe kutoka kwa mwanamke asiyejulikana, wa mji ambao sote hatukuwahi kuusikia, huko Brazili. Anatengeneza mchezo wa mbuzi pamoja na dada yake. Ruthu aliisoma kwa sauti, akitafsiri taratibu kwa ajili ya mkwewe. Barua ya Kampuni iliwafikia wiki mbili zilizopita, aliandika. Ilisema ni bure. Dada yake alishaweka sahihi, yeye bado, karatasi iko mezani mbele yake, na kabla hajamalizia ameandika jina la Kampuni mtandaoni na kukuta video ya mama mwenye kapu. Alitaka kujua kama ni ya kweli. Alitaka kujua kama sisi ni watu wa kweli. Wakili hawana, na mwisho ni Jumatatu.

Ruthu alimaliza, akabaki ameishika ile simu. Nilimwona anatazama ukuta, kadi za harusi, godoro. Sikujua atasema nini, na nilimwogopa kidogo.

Yotham alifuta mikono kwenye suruali, akainyoosha kupokea. "Nitamjibu jioni, nikitulia."

"Mjibu sasa hivi," Ruthu alisema. "Usimwache peke yake na ile karatasi."